Nyota Njema na Mipira Kumi na Mmoja

Jumapili iliyopita tulikaa kikao cha ukoo pale nyumbani kwa mama, Mwananyamala. Ajenda ilikuwa moja tu: mdogo wangu wa mwisho. Matokeo ya kidato cha nne yametoka na dogo amepata ziro. Mimi nikatoa hoja kwamba arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na pesa za tuisheni nitazibeba mwenyewe. Mjomba, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa kidogo, akasema: "Sikiliza mjomba. Nyota njema huonekana asubuhi. Hii asubuhi tumeshaiona. Hizo pesa mnunulieni pikipiki."

Wazee wakatikisa vichwa. Kikao kikaahirishwa hadi Jumapili hii inayokuja.

Sasa, mjomba si mtu mbaya hata kidogo. Mimi mwenyewe ndiye aliyenichangia nauli nilipokwenda majuu. Lakini ile kauli yake imenikaa kooni wiki nzima, kwa sababu niliwahi kuikuta mahali pengine, imeandikwa kwa tarakimu badala ya methali. Niliikuta kwenye kitabu cha makisio ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani. Ndugu msomaji, usicheke kwanza. Nivumilie nikusimulie historia ya kitabu cha namna hiyo, maana inatuhusu sana sisi ambao asubuhi zetu hazikung'aa.

Kuanzia 2016 hadi 2019 nilifanya kazi ya usiku katika duka moja kubwa la vyakula mjini Des Moines, jimbo la Iowa, katikati kabisa ya Marekani. Kazi yenyewe ilikuwa kupanga bidhaa kwenye rafu: makopo ya maharage, nafaka za watoto, chakula cha paka. Zamu yetu ilikuwa na Waswahili watatu: mimi Mbongo, Mkongo mmoja wa Bukavu, na Mrundi aliyekulia kambini Kigoma. Waliobaki walikuwa Wamarekani. Ikifika saa nane usiku tunakwenda mapumziko, na kila ifikapo mwezi wa nane wale Wamarekani walikuwa wanatoa kitabu chao, jarida nene lenye majedwali, wanaanza kubishana kama watu wa kijiwe cha kahawa Kariakoo wanavyobishania Simba na Yanga.

Lile jarida lilikuwa na majina ya wachezaji wa timu zote za NFL, na mbele ya kila jina kuna tarakimu za mambo ambayo bado hayajatokea. Fulani atakimbia yadi 1,200. Fulani atafunga mara 8. Mkongo wetu alilipekua, akalirudisha mezani akasema, "Ndugu yangu, hii kitabu ni bongo tupu." Nikamwitikia, naam, kweli watu hawa wana bongo. Akanishangaa. Ilichukua dakika kadhaa kuelewana: kwetu bongo ni akili, kwao bongo ni uongo. Baadaye nimegundua kwamba wote wawili tulikuwa sahihi.

Nieleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Mpira wa Kimarekani si kandanda. Mpira wao una umbo la papai dogo na hubebwa mikononi. Timu yenye mpira inasogea mbele kwa yadi, na yadi moja ni pungufu kidogo ya mita. Yupo kwotabeki, huyo ndiye mpishi wa jiko zima: anapewa mpira, anautazama uwanja kwa sekunde mbili tatu, kisha anaurusha. Wapo wapokeaji, kazi yao ni kuudaka. Yupo mkimbiaji, anayeubeba na kupenya katikati ya mibaba yenye kilo 140. Ukifika nao eneo la mwisho la wapinzani, hiyo ni tachidauni, pointi 6.

Fantasi ni mchezo uliojengwa juu ya mchezo huo. Marafiki kumi wanakaa mezani, kila mmoja anajifanya mwenye timu. Wanachagua wachezaji halisi kwa zamu, na mchezaji mmoja hawezi kuwa na mabwana wawili. Kisha kila wiki, yale aliyoyafanya mchezaji uwanjani yanageuzwa pointi zako wewe uliyekaa sebuleni. Kwa kawaida yadi 10 za kukimbia au kudaka ni pointi 1, na tachidauni ni 6. Kwa kwotabeki yadi 25 za kurusha ni pointi 1 na tachidauni ya kurusha ni 4. Kwa hiyo kabla ya msimu kuanza lazima upige ramli: nani atafanya nini?

Ramli hiyo ilianzia kwa watu waliokuwa na njaa ya furaha. Mwaka 1962 timu ya Oakland Raiders ilikuwa hoi bin taabani. Ilipoteza mechi 13 za mwanzo, ikashinda ya 14 na ya mwisho. Katikati ya balaa hilo timu ilisafiri pwani ya mashariki, na usiku mmoja hotelini New York, Bill Winkenbach, mfanyabiashara aliyekuwa na hisa kwenye timu, alikaa na Bill Tunnell wa ofisi ya habari ya timu pamoja na mwandishi wa gazeti la Oakland Tribune, Scotty Stirling. Wakatunga kanuni za ligi ya kubuni. Agosti 1963 wakafanya uteuzi wa kwanza nyumbani kwa Winkenbach, timu nane. Ligi yao waliifupisha GOPPPL, na ndani ya jina hilo refu waliweka neno lenye maana ya watabiri. Tangu siku ya kwanza, basi, walijua kazi yao ni utabiri.

Na tangu siku ya kwanza walikosea! Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa George Blanda wa Houston Oilers. Sababu zilikuwepo: mwaka 1961 alirusha tachidauni 36, na juu ya hapo alikuwa mpiga mateke wa timu, kwa hiyo alikuwa na milango miwili ya pointi. Wa pili alikuwa Jim Brown wa Cleveland Browns. Msimu ule wa 1963 Jim Brown alikimbia yadi 1,863, ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzifikia kabla yake.

Mwaka 1969 mchezo ukaingia kwenye baa ya Andy Mousalimas, mmoja wa wale watabiri, iitwayo Kings X, hapo hapo Oakland. Kutoka baa ukatambaa nchi nzima. Miaka ya themanini yakatokea majarida ya makisio, kisha kompyuta zikachukua usukani, na leo mamilioni ya watu wanacheza. Lakini ukiondoa mapambo yote, hesabu ya mtabiri ni ile ile. Anachukua mambo mawili: mchezaji atapewa mipira mingapi, na kwa kila mpira huwa anapata nini. Anazidisha. Kisha anaongeza au kupunguza kidogo kwa sababu ya umri, majeraha na ubora wa wenzake. Yote hayo yanatoka kwenye msimu uliopita na ile iliyotangulia. Ndiyo asubuhi ya mjomba, imewekwa kwenye jedwali.

Mfano mzuri kuliko yote nilipewa na mzee mmoja wa zamu yetu, mzaliwa wa Iowa. Aliniambia, "Ukitaka kujua kitabu hiki kinaona nini na hakioni nini, tafuta habari za Rams wa 1999." Nikazitafuta. Nimezirudia wiki hii, na nimejaribu kujifanya mtabiri wa Agosti 1999 mwenye karatasi na kalamu.

Rams wakati huo walikuwa St. Louis. Msimu wa 1998 walishinda mechi 4 na kupoteza 12. Tuanze na mkimbiaji wao mpya, Marshall Faulk, waliyemtoa Indianapolis Colts mwezi wa nne 1999. Mwaka 1998 alikimbia yadi 1,319, akadaka mipira ya yadi 908, na tachidauni 10. Jumla yadi 2,227. Kwa kanuni zetu hiyo ni karibu pointi 282. Mtabiri haumizi kichwa: huyu ni wa juu. Na kweli, mwaka 1999 Faulk akapata yadi 1,381 za kukimbia na 1,048 za kudaka, tachidauni 12, karibu pointi 314. Kitabu kilipatia. Nyota njema ilionekana asubuhi, na mchana ikawaka. Sitaki kukudanganya, msomaji: mara nyingi inakuwa hivyo, na ndiyo maana methali ya mjomba imeishi miaka yote.

Anafuata mpokeaji Isaac Bruce. Mwaka 1995 alidaka yadi 1,781, lakini 1998 msuli wa paja ulimweka nje sehemu kubwa ya msimu. Hapa mtabiri anakuna kichwa. Anapunguza.

Kisha kwotabeki. Rams walikuwa wamemsajili Trent Green kutoka Washington, ambako mwaka 1998 alirusha yadi 3,441 na tachidauni 23. Hiyo ni kama pointi 229. Nzuri tu. Lakini tarehe 28 Agosti 1999, kwenye mechi ya majaribio dhidi ya San Diego Chargers, mlinzi aligonga goti la Green. Msimu wake ukaishia pale, kabla haujaanza.

Aliyebaki kwenye benchi aliitwa Kurt Warner, umri miaka 28. Fungua jedwali lake la NFL. Msimu wa 1998: mipira aliyorusha, 11. Iliyodakwa na wenzake, 4. Yadi 39. Tachidauni, sifuri. Mistari mingine yote ni mitupu.

Sasa zidisha, kama kanuni inavyotaka. Yadi 39 kwa mipira 11 ni yadi 3.5 kwa kila mpira. Mwaka 1999 Warner alikuja kurusha mipira 499. Kwa kiwango kile ingempa yadi kama 1,769, pointi 70 na ushee. Na tachidauni? Sifuri mara 499 ni sifuri. Hata uwe profesa wa hesabu, sifuri haizai.

Kilichotokea ni hiki. Katika mechi zake tatu za kwanza Warner alirusha tachidauni tatu kila mechi. Mechi ya nne, dhidi ya San Francisco 49ers ambao walikuwa wamewafunga Rams mara 17 mfululizo, akarusha tano, nne kati ya hizo kwa Isaac Bruce. Hadi msimu unaisha alikuwa na yadi 4,353 na tachidauni 41, yaani pointi 338 kabla ya makato ya mipira iliyodakwa na wapinzani. Bruce akaibuka na yadi 1,165 na tachidauni 12. Timu iliyoshinda mechi 4 ikashinda 13. Tarehe 30 Januari 2000 wakaifunga Tennessee Titans 23 kwa 16 na kubeba Super Bowl, Warner akirusha yadi 414, rekodi ya fainali hiyo kwa wakati ule. Akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, na mwaka 2017 akaingizwa kwenye jumba la kumbukumbu la magwiji.

Hapa ndipo watu wengi hufunga hadithi kwa kusema "usikate tamaa" na kwenda zao. Mimi sikuridhika. Nilimuuliza yule mzee, huyu mtu alitoka wapi? Akacheka. "Alitoka kwenye rafu, kama wewe."

Kumbe Warner ni mtoto wa Iowa. Chuoni, Northern Iowa, alikalishwa benchi mpaka mwaka wake wa mwisho. Mwaka 1994, ule ule ambao Faulk alichaguliwa wa pili nchi nzima, Warner hakuchaguliwa na timu yoyote. Green Bay Packers walimwita kambini, wakamrudisha. Ndipo akaenda kupanga bidhaa usiku katika duka la Hy-Vee, mji wa Cedar Falls. Kuanzia 1995 alicheza Iowa Barnstormers, hapa hapa Des Moines, kwenye ligi ya ukumbini ambako uwanja una urefu wa yadi 50 tu na mpira unarushwa kwa haraka kama unakimbizwa na nyuki. Misimu mitatu, tachidauni 183. Mwaka 1998 akapelekwa Amsterdam, kwenye ligi ya NFL ya Ulaya, akaongoza ligi nzima kwa yadi na kwa tachidauni za kurusha. Mapema 1999 Rams walimweka kwenye orodha ya wachezaji ambao timu mpya ya Cleveland ingeweza kuwachukua. Cleveland wakampita.

Unaona? Si kwamba hakukuwa na takwimu. Takwimu zilikuwepo, tena nyingi, ila zilikuwa kwenye madaftari ambayo mtabiri hakuyahesabu kuwa madaftari. Yeye alisoma mipira 11. Na mipira 11 haipimi uwezo wa mtu, inapima nafasi aliyopewa.

Lakini lipo jambo la pili, na hili linaniuma zaidi. Bila goti la Trent Green, Warner angebaki benchi, na kitabu kingeonekana kimepatia: sifuri ilitabiriwa, sifuri ikapatikana. Asiyekisiwa hachaguliwi, asiyechaguliwa hachezi, asiyecheza hana takwimu, na asiye na takwimu hakisiwi. Ni kama mbwa anayekimbiza mkia wake. Wako wangapi waliopanga makopo usiku na mikono yao ina yadi 4,000 ambazo hakuna aliyezihesabu? Hao hawamo kwenye historia yoyote, kwa hiyo siwezi kukuandikia majina yao. Naye Green mwenyewe alikuja kung'ara baadaye Kansas City. Kwa hiyo hata goti lililoumia halikuwa jioni yake.

Nami nilionja ramli hiyo. Mwaka 2017 wenzangu dukani walinishawishi nikaingia kwenye ligi yao kwa dola 20. Nikapata bahati ya kuchagua wa kwanza. Nikafuata kitabu: David Johnson wa Arizona Cardinals, ambaye watabiri wengi walimweka juu kabisa au karibu na juu. Mwaka 2016 alikuwa amepata jumla ya yadi 2,118 na tachidauni 20. Tena alisoma Northern Iowa, chuo kile kile cha Warner. Nikajiona nimelamba dume. Mechi ya kwanza, Detroit, akaumia kifundo cha mkono. Hakucheza tena msimu ule. Dola 20 zangu zikaenda na maji.

Yule Mkongo alichagua wa mwisho, na kitabu hakugusa. Raundi za mwisho mwisho akamtaja Alvin Kamara wa New Orleans Saints, mgeni kabisa kwenye ligi. Kwa nini? "Kamara ni jina ya Afrika. Huyu ni mutoto wa nyumbani." Tukamcheka. Na kweli mama yake Kamara ametoka Liberia. Kijana akapata yadi 1,554 za kukimbia na kudaka, akawa mshambuliaji chipukizi bora wa mwaka. Sisemi kwamba jina ni njia nzuri ya kutabiri. Mwaka uliofuata Mkongo alichagua kwa majina tena akaburuza mkia. Nasema tu kwamba aliangalia kitu ambacho hakikuwa kwenye jedwali.

Sasa nirudi Mwananyamala. Jumapili hii nitakwenda na karatasi. Sitamwambia mjomba kwamba dogo ni Warner. Sina ushahidi huo, na huenda akarudia mtihani akapata ziro nyingine, pesa zangu zikawafuata David Johnson. Nitamwomba tufungue daftari ambalo baraza la mitihani halikulisoma. Mwaka wa mtihani mama aliumwa kuanzia mwezi wa tatu. Ni nani aliyekuwa anaamka saa kumi kwenda Mabibo kuchukua ndizi za genge? Ni nani aliyekaa pale gengeni mpaka jioni, muhula mzima, akipiga hesabu za wadaiwa kichwani bila kukosea shilingi? Mimi nilikuwa kazini, mjomba alikuwa safarini Songea. Tulimpa dogo mipira 11 halafu tunashangaa yadi 39.

Kama akishindwa baada ya kupewa mwaka mzima wa kusoma, pikipiki nitaichangia mimi mwenyewe na sitalalamika. Lakini kwanza arushe.

Nawe uliyeleta shairi lako likarudishwa, au uliyeambiwa na mwalimu kwamba insha zako hazina maana, jiulize swali hilo hilo: umerusha mipira mingapi? Daftari langu la Des Moines lina hadithi tisa. Hii ni ya kumi. Ile ya kumi na moja nitaiandika baada ya kikao.